Neno Nililomwambia Mama Achol

Mwanangu, kabla hujaondoka nikuambie: ipo siku moja ya mwaka 2013 ambayo haijanitoka moyoni. Nywele zangu zilikuwa bado nyeusi na ulimi wangu mwepesi. Nilikuwa nimehama Kitale, nakaa Kanamkemer pale Lodwar, na kila wiki nilipeleka vitunguu na kabichi Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Wateja waliniita Mwalimu, ingawa sikuwahi kushika chaki. Sikukosa methali kwa jambo lolote, nami, Mungu anisamehe, nilipenda kuulizwa.

Mama Achol, mjane kutoka Sudan Kusini, aliuza chai katika soko la kambi. Siku hiyo alinimiminia kikombe, akaketi mbele yangu.

"Mwalimu, ndugu yangu anaita mimi nirudi kwetu Bor. Anasema nchi iko sawa sasa. Nirudi na watoto ama nikae?"

Bor sikuijua hata kwa picha. Laiti ningemwuliza hata swali moja! Lakini nilijibu kabla chai haijapoa: "Rudi, mama. Mwacha asili ni mtumwa. Vita vimeisha. Hakika hakuna shida."

Akauza sufuria zake, akaondoka na watoto watatu. Desemba vita vikazuka upya. Nilisikia jina la Bor redioni, nikaizima.

Mwaka mpya ulipoingia, nikaambiwa amerudi kambini. Nilimkuta ameketi chini, miguu imevimba, watoto wamemzunguka. Kaka yake, yule aliyemwita, aliwavusha mto wakikimbia vita, akarudi kuchukua wengine. Hawakumwona tena.

"Mama, nisamehe," nikasema. "Nilikosea."

Akanijibu, "Vita wewe hukujua. Hata mchungaji wa kanisa, nilimwuliza pia, hakujua. Lakini mchungaji alisema, 'Natumaini.' Wewe ulisema, 'Hakika.' Mimi nilitaka kwenda peke yangu kwanza, niangalie, watoto wabaki na jirani. Kwa sababu ya hiyo hakika yako, nikabeba wote." Akamgusa kichwani yule mdogo. "Huyu tangu mto haongei."



Yule mtoto alikuja kusema tena mvua zilipofika, akiomba sukari. Mama Achol akarudi kuuza chai, na hakuninyima kikombe. Mjomba wao hajaonekana mpaka leo.

Sikwambii uidharau hekima. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hilo ni kweli. Ila ujue inapoishia. Hekima ya mama yule ilikuwa kutangulia mwenyewe na kuacha mlango wa kurudi, nami niliufunga kwa neno moja. Kesho haimwambii mtu siri yake, hata awe na mvi kama zangu. Basi ukiulizwa, uliza kwanza. Unalolijua, liseme. Usilolijua, sema hulijui, kisha ukae na mwenzako mpime pamoja.

Mungu akupe akili ya kuchagua njia, na pale akili itakapogota, akupe watu wa kukushika mkono. Uende salama, urudi salama.