Shati la Gideoni

Simu ya Hezroni ilinikuta dukani Same, saa sita mchana, tarehe ishirini na tatu Desemba. Hezroni ni jirani wa kaka yangu Sadock kule Mamba.

"Dada Beatha, uko wapi? Keti kwanza."

Niliketi juu ya robota la nguo.

"Kaka yako ameanguka shambani. Tulimkuta ameshatutoka. Pole sana."

Mkononi nilikuwa nimeshika shati ambalo Sadock alinituma ninunue. Lilikuwa la Gideoni, kaka yetu wa kati, aliyefariki akiwa na miaka saba.

Mwaka ule baba alipata hela ya shati moja tu la Krismasi. Alimpa Sadock, kwa kuwa alikuwa anaimba kwaya ya watoto. Gideoni akaona haya kwenda kanisani na nguo kuukuu, akajificha shambani, mvua ikamnyeshea huko siku nzima. Kifua kilimbana. Hakuuona mwaka mpya.

Sadock alikua akawa mkulima wa tangawizi, mtu mgumu wa kutoa. Sabuni ya mche aliigawa vipande vidogo, na mabuti yake yalishonwa kwa waya. Lakini Desemba ikiingia alibadilika hata macho. Alichimba tangawizi ambayo haijakomaa, akaiuza kwa bei yoyote, ili kila mtu wa ukoo apate nguo mpya ya dukani.

"Baba Shukrani, hiyo bado," wifi yangu Eliwaza alikuwa akimwambia. "Unawauzia watu maji."

"Krismasi nayo haisubiri ikomae."

Mimi nilimtania. "Kaka, mwakani utamshonea na ng'ombe kaptula."

"Ng'ombe haendi kanisani, Beatha."

Katika orodha yake jina la Gideoni halikukosa. Mwaka wa kwanza alimnunulia shati la mtoto wa miaka saba, na kila mwaka akaongeza saizi moja. Mkesha wa Krismasi alilitundika kwenye msumari karibu na mlango, na ibada ikiisha alilikunja, akalifungia ndani ya sanduku la bati. Ufunguo alitembea nao.

Safari hii, aliponitumia hela, aliniambia, "La Gideoni chukua kama langu. Amenifikia."

"Na lako je?"

"Langu acha. Mwaka huu moja linatosha."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka.

Nilipanda milimani hadi Mamba jioni ile na mfuko wa nguo. Eliwaza alinionyesha mahali Sadock alipoanguka, kwenye tuta la tangawizi ya mbegu. Eliwaza alikuwa amemsihi asiliguse, maana wasingekuwa na kitu cha kupanda. Jembe lilikuwa bado limesimama kwenye udongo. Kaka alikuwa amechimba shina moja tu.

Kesho yake ilibidi tutafute nguo ya kumzikia. Mashati yake yote, hata ya Krismasi zilizopita, alikuwa ameshayafanya ya shamba. Eliwaza akasema, "Wifi, tufungue lile sanduku. Ya karibuni yanaweza kumtosha."

Ufunguo tuliukuta mfukoni mwa suruali yake. Yalikuwemo mashati kumi na tano. Niliyanunua mengi kati ya hayo mwenyewe, yakiwa na pini za dukani. Sasa hayakuwa na pini. Kola zilikuwa zimechakaa kwa ndani, zina weusi wa shingo. Viwiko vilikuwa vimelegea. Lile dogo kuliko yote lilikosa kifungo, na mfukoni mwake mlikuwa na udongo mbichi.

Eliwaza alilinusa, akalirudisha taratibu. "Mwanangu Shukrani hajawahi kuligusa sanduku hili," alisema. "Na Sadock, hata mkono wake hauingii kwenye shati dogo hivi."

Mimi ni Mkristo. Naamini ufufuo, siamini kwamba marehemu huvaa mashati. Naandika nilichokiona.

"Basi avikwe hili jipya," Eliwaza akasema.

Nililitazama lile shati. Nikaona ni Krismasi ile ile: shati moja, ndugu wawili, na Sadock ndiye anayevikwa.

Hela niliyokuwa nayo ilikuwa ya ada ya mwanangu ya Januari. Tarehe ishirini na sita nilishuka Same. Maduka mengi yalikuwa yamefungwa. Nilimpigia mwenye duka, akaja kunifungulia, nikachukua shati la pili, rangi ile ile, saizi ile ile. Hakuniuliza ni la nani.

Tulimzika Sadock tarehe ishirini na saba, saa tisa alasiri, ubavuni mwa kaburi la Gideoni. Alivaa shati moja. La pili nililikunja, nikaliweka karibu na mkono wake wa kulia, upande alikolala mdogo wake. Mchungaji aliliona, akaendelea na sala. Kwaya iliimba. Watu wa ukoo walikuwa wamevaa nguo alizowanunulia. Hezroni na wenzake walifukia, tukaweka maua, na wageni wakaenda kula.