Kumpokea Njoroge Embakasi

Mume wangu, Njoroge, alikwenda Uingereza kusomea ualimu kabla ya Hali ya Hatari kutangazwa, akaniacha na mimba. Alipoandika kwamba anarudi kwa ndege, na kwamba itatua katika uwanja mpya wa Embakasi, mama yake alisema hatamngojea nyumbani kama anayengojea mvua. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Wanawake wa kijiji chetu cha Bahati walikuwa wameshaniambia kwamba ameoa Mzungu, nami nilitaka kuona kwa macho yangu atashuka na nani.

Siku hizo Mkikuyu hakusafiri bila pasi ya serikali. Tulipewa ya kwenda Nairobi na kurudi kabla ya jua la Ijumaa kuzama. Tulimwacha binti yangu, Wanjiru, kwa jirani, tukapanda basi hadi stesheni ya Nakuru.

Garimoshi lilikuwa na mabenchi ya mbao na watu wengi kuliko mabenchi. Gilgil askari walikagua pasi. Naivasha walizikagua tena, labda walidhani tumebadilika. Kwenye mwinuko mkali baada ya hapo garimoshi lilipanda likihema, baridi ikatuingia mifupani, na Mama akauliza kama ndege ya mwanawe itapanda hapa pia.

"Ndege inapita juu, Mama."

"Basi huko juu ni baridi zaidi. Ungemletea blanketi."

Nairobi tulilala kwa binamu wa Mama. Alhamisi asubuhi tukapanda basi la wafagiaji na wapishi wa uwanjani. Lilitushusha pamoja nao, nyuma, penye mapipa ya taka, tukazunguka jengo mpaka mbele.

Embakasi palikuwa na vioo kila mahali, na sakafu ilimetameta. Mama alivua viatu akavibeba mkononi. Sikumkataza. Tulipanda kwenye roshani ya watazamaji, ndege ikatua kwa kishindo, wakashuka Wazungu wenye kofia, Wahindi wenye watoto, na padri mmoja. Njoroge hakushuka. Ikatua nyingine. Mama aliwachungulia abiria mmoja mmoja kama anayechagua mbuzi sokoni. Hata hiyo haikuwa naye.

Mchana nilimwendea karani mmoja Mwafrika, kijana mwenye tai.

"Ndege ya London imekwama Entebbe," akasema.

"Imekwama kwa matope?" Mama akauliza.

"Injini, mama."

"Hakuna wanaume huko wa kuisukuma?"

Karani alifikiri kidogo. "Wapo, mama. Lakini haisukumwi. Itakuja Jumamosi."

Nikamwuliza kama Njoroge alipanda kweli. Alikwenda ndani, akarudi. Alipanda. Nikauliza kama alipanda na mtu. Akasema hilo abiria haulizwi, na yeye pia hawezi kuuliza.

Mama aliketi chini, katikati ya ile sakafu, miguu mbele, viatu mapajani. Akasema yeye atangoja Jumamosi.

"Pasi inaisha kesho, Mama. Tutafungwa."

"Watanifunga nikiwa nimemwona."

Hapo ndipo alipolia, bila sauti, na abiria wakawa wanampita kwa adabu, pande zote mbili. Niliketi kando yake. Mimi pia nililia, ila mimi nililia kwa hasira. Mwishowe nilimwambia kwamba akifungwa, Njoroge atakuja nyumbani akute mama hayupo. Akavaa viatu.

Ijumaa tulirudi. Garimoshi halikuonekana kuwa na haraka yoyote. Basi la Bahati lilitushusha jua likiwa bado juu ya mti, tukaonyesha pasi kwenye lango la kijiji, tukaingia.

Mbele ya nyumba yetu palikuwa na mwanamume mwenye koti refu, ameketi juu ya sanduku lake, peke yake. Wanjiru alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeshika miimo yote miwili. Aliponiona alipaza sauti.

"Mama, huyu mtu ametoka Kampala kwa garimoshi. Anasema yeye ni baba. Nimemwambia baba mmekwenda kumchukua uwanjani, kwa hiyo asubiri nje."

Njoroge alisimama. Alikuwa amekonda, na mvi zimeanza. "Ndege iliharibika," akasema, kama mtu anayeomba radhi. "Nikaona garimoshi linapita Nakuru."

Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akaugeuza kushoto na kulia. Kisha akamwambia Wanjiru, "Ni yeye. Mpishe."

Usiku, tukila irio ya viazi na mahindi, Njoroge aliniuliza uwanja wa Embakasi ukoje, kwa kuwa hajawahi kuuona. Nikamweleza vioo, roshani na sakafu. Alisikiliza kwa makini. Nilijifunza katika safari ile kwamba uvumi hausafiri kwa pasi, na kwamba ukitaka kujua jambo ni bora kumwuliza mwenyewe. Nikamwuliza. Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Nani angenikubali, Nyambura? Nilikuwa nanuka kabeji miaka yote."

Nilimwongezea irio.