Mliniambia nikaze, nikakaza, pikipiki ikataka kuniua

Wakuu, salamu zenu, ingawa wengine wenu leo hamzistahili.

Ninachoandika hapa kimepitiwa na mke wangu kabla sijakibandika. Mahali nilipojipamba amenifutisha. Kwa hivyo someni mkijua huu ni ukweli uliochujwa mara mbili.

Kwa wageni: ninaishi Kware, hapa Nairobi, kazi yangu ni ya stoo huko Industrial Area, na nina pikipiki kubwa ya safari, cc mia sita hamsini. Inalala chini ya ngazi za ploti. Kila Desemba mimi na Mama Simiyu, yaani bibi yangu, hupanda nayo mpaka kwao Bungoma.

Desemba iliyopita, tukikaribia Gilgil, barabara ikawa nyeupe, haina gari, nikaifungulia mafuta. Spidi ilipopita mia na kumi, handle ikaanza kutikisika. Kushoto, kulia, kushoto, kulia, haraka kuliko mikono yangu.

Nikaachilia mafuta pole pole, nikashikilia, nikaomba. Ilitulia spidi iliposhuka hadi sitini hivi, nikaegesha kando.

Mama Simiyu akashuka, akavua helmeti, akaniwekea mikononi.

"Baba Simiyu, mimi kwa hii kitu sikai tena."

Kabla ya kupanda basi akaongeza neno moja. Alisema mzigo wote uko nyuma, na mbele hakuna kitu inashikilia chini. Yeye huuza viazi pale Kware, kila asubuhi huletewa magunia na mkokoteni, na mambo ya mzigo ameyajulia hapo. Nikamjibu kwa madharau kwamba mkokoteni hauna shock.

Nilifika kwa wakwe masaa mawili nyuma yake. Baba mkwe akanipa chai, akauliza kama ni pikipiki imekataa kubeba mtu au ni mtu amekataa kubebwa. Nikainamia kikombe.

Niliporudi Nairobi nikaja hapa kwenu jukwaani, nikafungua uzi wa kuomba msaada. Mama Simiyu arudi kwa kiti, hilo ndilo nilitaka, basi.

Na nyinyi mkanijibu nini? Kaza. Kaza shock. Kaza kichwa. Mmoja akasema mwanaume ni kukaza. Mwingine, ninamkumbuka vizuri, akaandika, "Punguza bibi, pikipiki itatulia." Mkamgongea like, wazee wazima.

Nitoke kando kidogo. Hii nchi kila ugonjwa dawa yake ni kukaza. Umefutwa kazi, kaza. Umeachwa, kaza. Fundi akikosa jibu anachukua spana na kukaza kilicho karibu. Hakuna mtu hata mmoja kwenye uzi ule aliyeniuliza nimebeba nini na nimekiweka wapi.

Basi nikaenda kwa Karis, fundi wa boda boda pale Pipeline. Akaibonyeza mbele mara mbili, akacheka.

"Buda, hii imelegea. Nikikaza, hiyo story imeisha. Shock ikiwa ngumu ndio inabeba."

Akakata vipande viwili vya paipu ya maji, akavisukuma juu ya springi ndani ya shock za mbele zikae ngumu. Akamwaga oil ya injini humo humo. Halafu akakaza nati ya kichwa, pale handle inapozungukia, akakaza, akaning'inia kwa spana.

Simlaumu sana. Wateja wake hubeba kreti za soda kwa spidi ya arobaini, na kwao ngumu ni nzuri. Mjinga ni mimi niliyepeleka pikipiki ya mia na kumi kwa dawa ya arobaini.

Jumapili asubuhi nikaipima Kangundo Road, peke yangu. Kutikisika kweli kulikuwa kumeisha. Sasa ilikuwa inayumba tu kama mlevi anayetafuta mlango. Kwenye kona handle ikagoma kurudi, nikavuka laini mpaka upande wa pili, na lori la mchanga linakuja.

Dereva alilitupa kando, mavumbini. Akateremsha kioo akanitukania mama. Alikuwa na haki.

Nilikaa chini kando ya barabara. Sikujihurumia mimi. Nilikuwa ninafikiria kwamba kama ningekuwa nimembembeleza Mama Simiyu akaja, angekuwa amekaa pale nyuma. Niliogopa vibaya sana, sioni aibu kusema.

Mwenzangu wa kazini akanielekeza kwa fundi mmoja Industrial Area, nyuma ya godown. Anaitwa Wangari, mama wa makamo, miwani imefungwa na kamba shingoni. Hakusalimu. Aliinua gurudumu la mbele juu ya jeki, akasukuma handle na kidole kimoja.

"Hii handle inafaa ianguke kando yenyewe. Yako imesimama kama imewekewa simiti. Nani alikaza?"

"Fundi."

"Na wewe ulikuwa wapi?"



Akaifungua. Beringi za kichwa zilikuwa na mashimo. Oil ilitoka nyeusi kama mafuta ya mandazi ya wiki nzima. Springi zenyewe zilikuwa zimechoka, zimekuwa fupi. Halafu vikatoka vile vipande vya paipu, na kimoja kilikuwa kirefu kuliko kingine kwa upana wa kidole. Akavipanga juu ya meza na kuwaita mafundi wenzake waje waone. Walikuja wote.

Tukaagiza springi mpya zinazolingana na uzito wetu, oil yake halisi ya shock, na beringi mpya. Wakati wa kufunga kichwa alikaza, akalegeza kidogo, akapima na kidole, akarudia tena na tena.

"Kukaza kila mtu anajua," akasema. "Kazi ni kujua pa kuachia."

Nikadhani tumemaliza. Akasema bado.

"Leta yule hukaa nyuma. Na mzigo wenyewe, vile huwa mnaubeba."

Nikamwambia bibi ameapa hatakaa.

"Sasa nipime nani, hewa?"

Ilinichukua wiki mbili kumbembeleza. Alikuja Jumamosi na aproni ya viazi, na begi alilolipanga kama la kwenda Bungoma. Pikipiki imesimama ndani ya garage, injini imezimwa, lakini alipopanda alinishika koti kwa mikono miwili. Wangari akachuchumaa mbele na futi ya fundi cherehani, akapima shock imezama kiasi gani.

Mama Simiyu akachungulia kwa bega langu. "Siste, mbona tukikaa hapo mbele panainuka?"

Wangari akaangalia futi, kisha akamwangalia yeye. "Mum, nani alikufunza hii kazi?"

"Mkokoteni. Ukijaza nyuma, anayevuta anaelea."

"Na hukumwambia huyu?"

"Nilimwambia Gilgil."

Wakuu, mafundi wote walinigeukia. Sikujua nitazame wapi.

Mzigo ukashushwa kutoka sanduku la juu nyuma, tulipozoea kuujaza, ukaingia masanduku ya pembeni, chini, karibu na kiti. Springi ya nyuma ikapandishwa ili nyuma pasizame. Wangari akapima tena, akasema sasa pikipiki imekaa.

Pasaka akakubali kupanda, tukaondoka kwenda Bungoma. Nilipita mia, nikapita mia na kumi, handle imetulia kabisa. Tulipofika karibu na Gilgil nikagongwa helmeti.

"Simama."

 Nikaegesha. Akashuka, akazunguka pikipiki polepole, akabonyeza pale mbele na kiganja, ikazama na kurudi mara moja. Akaangalia barabara.

"Nilitaka tu kuona hapa mahali nilikuachia," akasema. Akapanda. "Twende."

Nililia ndani ya helmeti kilomita kadhaa. Hiyo nilikuwa nimeiacha nje ya maandishi haya, bibi akairudisha alipoyapitia.

Funzo langu ni fupi. Pikipiki ikikutetemekea, acha kuuliza watu wasioijua. Muulize kwanza anayekaa nyuma yako, na ukishapata jibu usilicheke.

Karibuni kwa comments, lakini kila mtu aanze kwa kusema huwa anambeba nani na huyo mtu amewahi kumwambia nini. Atakayeandika "kaza" sitamjibu.

Na wewe uliyesema nipunguze bibi, Mama Simiyu amesoma comment yako. Ameuliza kama kuna mtu amewahi kukubali kukaa nyuma yako.