Hofu ya Rafiki Yangu Niliifanya Somo

Mimi ndiye niliyekosa. Naliweka hilo mbele kabisa ili usije ukanihurumia kabla hujanisikiliza.

Nilikuwa mwalimu wa kompyuta katika shule ya kutwa karibu na Kithimani. Mwalimu wa bodi, yule anayeajiriwa na shule yenyewe; na cheti sikuwa nacho. Chuo sikwenda. Nilichofundisha nilijifunza mwenyewe kwenye simu, nikirudia video moja mpaka chaji inaisha. Kwa hiyo niliishi na woga kwamba siku moja mtu atasimama mbele ya watu aseme, huyu hajui kitu. Kila nilichoshika nilitaka kiwe bila doa. Hata ubao nilikuwa nikiufuta, halafu naufuta tena.

Mtu ambaye sikumwogopa pale alikuwa mwalimu wa kemia. Nitamwita Madam Mueni, ingawa si jina lake. Alinichukua kama mdogo wake. Hakuwahi kunisalimia kwa habari za asubuhi, aliniuliza tu, "Kasichana, umekula?"

Shule nzima ilijua tabia yake moja: hafundishi mlango ukiwa umefungwa. Aliuzuia mlango wa maabara kwa jiwe kubwa. Vumbi liingie, baridi ya Julai iingie, jiwe halitoki. Wanafunzi walitania kwamba anaogopa gesi zake mwenyewe. Na ukimwendea nyumbani, usigonge. Ita jina lake kwa sauti ukiwa bado njiani.

Sababu niliijua mimi tu. Aliniambia Jumamosi moja tukichambua maharagwe nyumbani kwake.

Alikuwa amefundisha kaskazini, katika mji ambao sitautaja. Barabara hii hii inayopita kwetu ndiyo iliyompeleka. Alfajiri moja magaidi waliingia shuleni. Walimu watatu, yeye akiwa mmoja wao, wakakimbilia stoo ya chakula na kujifungia. Wale watu hawakuvunja mlango. Waligonga polepole, kisha sauti ikasema, "Walimu, tokeni pole pole. Sisi ni wa serikali. Sasa mko salama."

Wenzake wawili wakatoka. Yeye alibaki nyuma ya magunia kwa sababu miguu ilikataa. Hakuwaona tena wakiwa hai.

"Si risasi ninazosikia nikilala," akaniambia, mkono wake umetulia ndani ya maharagwe. "Ni hiyo adabu yao."

Baada ya hapo walimu wote waliotoka bara kama yeye waliondoka. Siku ya kuondoka, msichana mmoja alimfuata hadi kwenye gari akamuuliza, "Madam, sasa kemia tutafunzwa na nani?" Akapanda gari. Hilo pia lilikuwa likimla.

"Hata mama hajui yale maneno," alisema. "Nimekuambia wewe tu."

Jamani, laiti masikio yangu yangekufa ganzi siku ile!

Sasa, shule yetu iliambiwa ifanye zoezi la usalama, wanafunzi wajue la kufanya magaidi wakivamia. Mwalimu mkuu alinipa kazi hiyo mimi, kijana wa teknolojia. Nilifurahi ajabu. Zoezi la kwanza likawa kichekesho. Watoto walicheka njia nzima, na kijana mmoja alipitia kantini akanunua mandazi huku eti anawatoroka magaidi.

Mwalimu mkuu akaniita ofisini. "Madam, hii ni nini? Watu wa elimu wakikuja waone hii sarakasi? Fanya kitu ya ukweli. Wacha waogope kidogo."

"Niwaambie walimu, sir?"

"Ukiwaambia, itakuwa ya ukweli aje?"

Nilirudi nyumbani nikapanga. Nilitazama video za watu wa nchi za mbali. Nilipanga kelele, nilipanga njia za kukimbilia, nilipanga milango yote ifungwe. Lakini kitu kilikosekana. Magaidi wangu walikuwa wa kuchekesha. Walihitaji sauti ya kweli.

Na mimi sauti hiyo nilikuwa nayo.

Usiniulize kama nilimfikiria Madam Mueni. Nilimfikiria! Hapo ndipo ubaya wangu ulipo. Nilijiambia kwamba yeye ndiye pekee atakayejua kutofungua, kwa hiyo darasa lake litakuwa mfano kwa shule nzima. Nilijiambia ni mwanamke jasiri. Nilijiambia kwamba nikimdokezea yeye, nimeshaliharibu zoezi.

Maneno yale nilimfundisha Musyoka, soja wetu wa getini. Alifurahi sana. "Mimi niliigiza Herode Krismasi, madam. Watoto walilia kanisa nzima. Nitaongea pole pole kama daktari!"

Asubuhi ya zoezi, walimu wakiwa paredi, nilikwenda maabara. Nikaliinua lile jiwe nikalitupa kwenye maua. Mpango ulisema milango yote ifungwe.

Katikati ya somo nilipiga mabati nyuma ya jikoni, na watu niliowapanga kuwa magaidi wakapiga mayowe. Safari hii hakuna aliyecheka.

Kidato cha tatu walifunga mlango wao, na nje wakamwacha mwenzao Hodan. Baba yake alitoka kaskazini, anauza mbuzi sokoni; Hodan amezaliwa hapa, na Kikamba chake kinanishinda. Niliwasikia wenzake kutoka ndani: "Wewe baki huko! Hao ni watu wenu, hawatakufanya kitu!" Alisimama pale ushorobani, kalamu mkononi, akiutazama mlango wa darasa lake mwenyewe. Nilimwona. Nikasema moyoni, hilo nitalirekebisha zoezi lijalo.

Kisha Musyoka akagonga mlango wa maabara, ambao wanafunzi walikuwa wameufunga kelele zilipoanza, maana jiwe halikuwepo. Polepole. "Walimu, tokeni pole pole. Sisi ni wa serikali. Sasa mko salama."

Aliigiza vizuri mno.

Wanafunzi walinisimulia baadaye. Madam Mueni hakupiga kelele. Aliwasukuma wote watoke kwa dirisha la nyuma, mmoja baada ya mwingine, akiwaziba midomo kwa kiganja chake. Wa mwisho alipotoka, yeye hakumfuata. Aliingia chumba cha kuwekea kemikali akajifungia.

Nilipuliza filimbi. Watoto wakatoka, wengine wakilia, wengine wakipigiana makofi. Mwalimu mkuu alinipa mkono! Ndipo mwanafunzi mmoja akasema, "Madam Mueni hatoki."

Nilikimbia. Nikasimama kwenye kimlango cha kile chumba nikasema, "Madam, ni mimi. Toka tu. Uko salama."

Nikayasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu. Woi!

Mwalimu mkuu akaja. "Madam Mueni, mimi ni mwalimu mkuu. Toka, hakuna shida." Musyoka akapiga magoti, machozi yanamtoka. "Mwaitu, mama yangu, nisamehe, ni mimi soja wako." Aliposikia sauti ile ile, alianza kulia ndani kama mtoto mdogo. Kila neno jema tulilokuwa nalo, magaidi walikuwa wamelitumia kwanza, na mimi nikalitumia mara ya pili. Hatukubaki na neno lolote la kumtolea.

Tulikaa pale hadi jua likaanza kushuka. Kisha kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Hodan ndiye aliyekuwa na zamu ya kengele, na hakuna aliyemtuma. Aliipiga tu kama siku zote, na hiyo magaidi hawakuwahi kuitumia.

Kimlango kikafunguka.

Hakumtazama mwalimu mkuu. Alinitazama mimi. "Yale maneno nilimpa mtu mmoja," akasema.

Akatoka nje, akatafuta kwenye maua, akaliokota jiwe lake. Akalirudisha mlangoni, akalisukuma kwa mguu hadi likakaa sawa. Akaenda zake. Hakufundisha tena.

Bodi ya shule iliponiita, nilimngoja mwalimu mkuu aseme alichoniagiza. Alirekebisha tai. "Huyu kijana alifanya mambo yake mwenyewe. Na ukweli usemwe, hata cheti hana."

Siku aliponiajiri nilimweleza kwamba sina cheti, naye akanishika bega: "Hiyo itabaki kati yetu." Sasa alikuwa ameitoa mbele ya watu wote ili ajifiche nyuma yake! Nilitaka kupiga kelele. Msaliti! Hadi leo nikimwona sokoni natamani kumtemea mate. Lakini niliinuka nikatoka, kwa sababu jina hilo nililompa lilinitosha mimi pia.

Nikapanga vitu vyangu kwenye mkoba. Getini mvulana wa kidato cha nne alinifuata. Mtihani ulikuwa umekaribia. "Madam," akasema, "sasa kemia tutafunzwa na nani?"

Nikapita geti. Walifanya mtihani bila mwalimu wa kemia. Hodan alihamishwa na baba yake. Hakuna gaidi aliyewahi kukanyaga shule yetu, lakini angekuja angefanya nini zaidi?

Madam Mueni siku hizi anauza sweta za mitumba mjini Tala. Mwaka huu nilijikaza nikaenda. Nilianza kuita jina lake kwa sauti nikiwa bado mbali, kama alivyonifundisha. Aligeuka.

"Karibu, madam. Unatafuta saizi gani?"

Madam! Nilisubiri aniulize kama nimekula. Alinichagulia sweta, akaikunja vizuri, akanirudishia chenji. Nikasema nisamehe, nikasema mengi, sikumbuki yote. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilishakusamehe," akasema. "Ila sitakuambia kitu tena." Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Wewe unayesoma haya, labda wewe pia kuna mtu alikuamini akakuonyesha mahali anapoumia. Usipachukue ukapatumia, hata kwa jambo jema, hata kwa kuwaokoa watu wengine. Ukikuta jiwe mlangoni mwa mtu, liache. Kama hujui kwa nini liko hapo, liache. Na kama unajua, jamani, basi usiliguse kabisa!