Primitivo mezani kwa baba mkwe

Naandika nikiwa nimejifungia chooni kwa wakwe zangu watarajiwa, hapa Jette, ughaibuni. Niombeeni.

Baridi ya leo mnaijua. Mwenye duka akaniambia waini nyekundu za kusini mwa Italia ni nzito, bei nafuu, zinaenda vizuri na mchuzi wa mbuzi. Nikabeba mbili kwenye begi. Mimi wa Tanga najua nini kuhusu waini?

Papa, baba wa mchumba wangu, mtu wa Lubumbashi, akapokea ya kwanza kwa mikono miwili. Akavaa miwani. Akasoma jina polepole.

"Pri-mi-ti-vo."

Nikawahi kujitetea:

"Papa, ni aina ya zabibu tu!"

"Bon. Primitif, mushenzi: ile njo jina wazungu balikuwa banaita baba yangu."

Akaisimamisha chupa katikati ya meza, jina limenielekea mimi. Hajaifungua. Mchuzi umeanza kuganda mafuta.

Nikasingizia tumbo.

Sasa namsikia Maman, mkewe, nje ya mlango, sauti tamu kabisa:

"Mutoto yangu, nimeona chupa ingine mu sac yako. Naipeleka kwa Papa."

Jamani, nitoke au nibaki humu humu?

Hiyo ya pili inaitwa Negroamaro.