Kitenge cha Shangazi

Jumamosi iliyopita tulimzika dada yangu Sekela, hapa Mlowo. Pale msibani nilimsikia mama mmoja akimwambia binti yake, "Mwenzako ameshaosha masufuria yote. Wewe hunipendi?" Nikakumbuka alasiri moja ya utoto wetu.

Tulikuwa uani kwa shangazi, mimi na Sekela, tukichambua punje mbovu za kahawa kwenye vichanja. Harufu ya maganda yaliyochacha ilitujaa puani, na malori ya Tunduma yalinguruma barabarani. Shangazi alikuwa na kitenge kimoja kutoka Zambia, alichosema atampa yule kati yetu anayempenda yeye zaidi. Kila alipopita kwangu aliinama na kuninong'oneza, "Sekela ananipenda kuliko wewe. Ona mikono yake inavyokimbia." Wivu ulinichoma. Nilimchukia dada yangu hata kwa namna alivyopumua. Nilidhani upendo wa shangazi nao ni mmoja kama kile kitenge, akiupata Sekela nimeukosa mimi.

Sekela aliona machozi yangu. "We, umeambiwa nini?"

Nikamwambia. Akacheka mpaka akashika kichanja.

"Na mimi kaniambia ni wewe!"

Akajifuta mikono, akapiga goti. "Shangazi, tunakupenda wote. Ila tumechoka, tunaenda kunywa maji."

"Basi kitenge nampa jirani."

"Mpe tu, shangazi. Kitampendeza."

Tukaondoka tumeshikana mikono. Shangazi akasogea kwenye kichanja, akaanza kuchambua mwenyewe.