Kitanda ya ukuta haifike tena chini

Banduku, munambie: leo tulale wapi?

Nyumba yetu ya Kasulo ni chumba moja tu. Njo maana tulifungisha kitanda ya kukunja ku ukuta.

Leo saa sita niliishusha, mutoto alale.
Miguu ya kitanda ikabakia mu hewa!

Nikaita fundi mwenye aliifunga. Nilimugombeza, sifiche.
Akapima. Akapima tena.
"Mama, kitanda iko sawa. Ni simenti ya chini njo inashuka."

Sasa, jirani yetu anachimbaka madini ya kobalti mu chumba yake. Lakini alituapia, mbele ya bibi yake, kama hatavuka ku kwetu.

Fundi akagonga simenti na nyundo mara tatu, asikie kama chini iko wazi.

Chini ya miguu yetu, sauti ya mutu ikaitika:
"Karibu!"